Miwani yangu haiwi nyeusi juani: ni mbovu, au ni joto la Tanga?

"Nina miaka 31, nanunua samaki mnadani Deep Sea hapa Tanga na kwenda kuwauza Muheza. Mbali sioni vizuri, miwani yangu ni minasi tatu na robo. Mwaka jana nilinunua Dar es Salaam miwani ya kubadilika rangi, bei yake sijawahi kuitoa kwa miwani. Mwezi wa saba ilikuwa inakolea vizuri, mpaka nikiingia bandani nachelewa kusoma mizani. Kaskazi hii, jua la utosi, inabaki kijivu hafifu tu. Fundi mmoja kaniambia dawa yake imekwisha. Mwingine anasema lenzi hizi zinavuta jua, ndiyo maana nimeota kinyama jicho la kulia upande wa pua. Binamu yangu aliyeko Uingereza anasema kuna lenzi za kuvaa ndani ya jicho zinazobadilika rangi zenyewe, niachane na miwani. Niagize? Na zile za kukinga mwanga wa simu zinasaidia? Hesabu zangu nafanya usiku kwenye simu. Halafu mdogo wangu anachomelea mageti na huwa anaiazima hii miwani yangu. Kuna ubaya?"

Dada yangu, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lisilongoja. Leo hii mnyang'anye mdogo wako hiyo miwani. Mwako wa welding unawaka papo hapo, na miwani yako inahitaji nusu dakika na zaidi ili ikolee. Hata ikikolea kabisa bado inapitisha kama asilimia 10 ya mwanga, na kwa joto letu inapitisha zaidi. Kioo cha welding cha namba 10 kinapitisha takriban sehemu moja tu kati ya elfu saba. Hapo sijataja miale inayopenya pembeni, juu na chini ya fremu. Ndiyo maana vijana wengi wa kuchomelea hulala salama, kisha usiku wa manane wanaamka macho yanawaka kama yametiwa mchanga, machozi hayakatiki. Ile ni ngozi ya juu ya konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, imeungua. Anunue kofia ya kuchomelea. Ziko hata zile zinazokolea zenyewe cheche inapowaka, ila zile zinatumia kihisi cha mwanga na fuwele za kimiminika zinazoendeshwa kwa umeme, na zinakolea kabla hujapepesa. Jambo moja zuri kuhusu kofia hizo ndilo litakalotusaidia katika maswali yako mengine: hata zikiwa bado nyeupe, miale mibaya tayari imeshazuiwa. Weusi ni kazi moja, kinga ni kazi nyingine.

Sasa miwani yako. Ndani ya plastiki ya lenzi, au kwenye utando mwembamba uliopakwa juu yake, kuna mamilioni ya molekuli za rangi. Fikiria kila moja ni mkeka. Ukiwa umeviringishwa, mwanga unapita kando yake na lenzi unaiona nyeupe. Mionzi ya urujuanimno, ile sehemu ya jua isiyoonekana ambayo dukani wanaiita UV, ikiipiga molekuli inakata kifungo chake kimoja cha kemikali. Molekuli inafunguka na kulala bapa, kama mkeka uliotandikwa, na sasa inanasa mwanga unaoonekana. Lenzi imekuwa nyeusi. Kinachouviringisha tena mkeka huo ni joto, na halingoji uingie kivulini, linafanya kazi muda wote. Kwa hiyo kila unaposimama juani, jua linatandika na joto linaviringisha, na rangi unayoiona ni matokeo ya mvutano huo.

Mwezi wa saba, kusi linavuma na asubuhi ina ubaridi, jua linashinda. Lenzi inakolea sana, na ukiingia bandani haina joto la kutosha kuirudisha haraka, ndiyo maana mizani ilikuwa inakusumbua. Kaskazi, nyuzi 32 au 33 kivulini na zaidi ya hapo juu ya mchanga, joto linashinda. Lenzi inakolea nusu tu, ila ukiingia ndani inasafika upesi. Bila shaka hilo la pili umeliona bila kulitilia maanani. Viwango vya kimataifa vya lenzi hizi vinataka zipimwe kwenye nyuzi 5, 23 na 35, kwa sababu tofauti yake ni kubwa mno. Picha nzuri za matangazo hazipigwi kwenye nyuzi 35. Muuzaji aliyekuuzia alipaswa kukueleza hivyo kabla hajapokea fedha zako, na linaniuma kila ninapokutana na mtu wa pwani aliyelipa pesa nyingi bila kuambiwa.

Kama dawa imekwisha au la, unaweza kujua mwenyewe bila kumlipa fundi. Ifunge miwani ndani ya mfuko mkavu wa plastiki, iweke kwenye friji kwa dakika kumi, sehemu ya chini na siyo kwenye barafu. Itoe, ifute umande kwa kitambaa laini, kisha itoe nje juani saa hiyo hiyo huku umefunika nusu ya lenzi moja kwa kipande cha karatasi. Hesabu mpaka sitini. Ondoa karatasi uangalie juu ya kitu cheupe. Kama nusu iliyopigwa jua imekolea sana na mpaka wa karatasi unaonekana kama umechorwa kwa rula, lenzi yako ni nzima na mkosaji ni joto. Kama hata ikiwa ya baridi haikolei, basi ama ilikuwa hafifu tangu mwanzo ama imechoka, na kwa miwani uliyoinunua mwaka jana tu hiyo ni mapema mno. Molekuli hizi huchoka kweli, lakini baada ya miaka kadhaa ya kutandikwa na kuviringishwa. Chukua risiti urudi nayo dukani.

Ukipanda gari kwenda Muheza na kukaa mbele, usishangae ikibaki nyeupe jua likiwa usoni. Kioo cha mbele cha gari kimebandikwa utando katikati unaozuia karibu mionzi yote ya urujuanimno, na bila mionzi hiyo hakuna wa kuutandika mkeka. Kwenye bajaji iliyo wazi itakolea.

Hili la kuvuta jua halina ukweli. Lenzi haina uwezo wa kuita mwanga ambao haukuwa unakuja. Tena ile miwani yako, ikiwa ni ya kiwanda kinachoaminika, inazuia urujuanimno hata ikiwa nyeupe, hata sasa hivi ikiwa kijivu hafifu. Ninachokihofia ni kinyume chake, yaani zile miwani nyeusi za barabarani ambazo ni plastiki iliyotiwa rangi tu. Giza lile linaifanya mboni ifunguke, na kama kinga ya UV haimo, unakuwa umeufungulia mlango mionzi huku unajiona umejifunika. Duka zuri la miwani lina kipimo kidogo cha mezani cha UV. Omba waweke miwani yako mbele yako, ni kazi ya nusu dakika.

Kinyama chako kina chanzo kingine, na nataka ukione kwa macho yako. Usiku, zima taa, simama mbele ya kioo, washa tochi ya simu na uishike pembeni kabisa, usawa wa sikio la kulia, ikimulika jicho kwa ubavu. Isogeze polepole mbele na nyuma. Utaona upande wa pili wa jicho, karibu na pua, pale weusi unapokutana na weupe, panawaka nukta kali. Konea imeumbwa mviringo, kwa hiyo mwanga unaoingia kutoka upande wa sikio inaupinda na kuukusanya pale pale, kama kioo cha kukuza kinavyokusanya jua juu ya karatasi. Ndiyo sababu kubwa ya kinyama kupenda kuota upande wa pua. Wewe unasimama mwaloni kila asubuhi, jua linapiga maji na mchanga na kurudi kwa ubavu, upepo wa chumvi unakausha jicho, na fremu yako nyembamba haifuniki pembeni hata kidogo. Lenzi ya mbele ingekuwa nyeusi kama lami, mlango wa pembeni uko wazi. (Na usikichanganye kinyama na mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi iliyo ndani, nyuma ya mboni, na matibabu yake ni mengine kabisa.)

Sasa niseme la binamu yako. Amesema kweli, lenzi hizo ziliwahi kuuzwa, ingawa nijuavyo mtengenezaji ameshaacha kuzitengeneza. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliziidhinisha za kwanza mwezi Aprili 2018, zilizotengenezwa na Johnson & Johnson pamoja na Transitions, kampuni ya lenzi za kubadilika rangi. Zilikuwa za kuvaa mchana, kutoa usiku, na kutupa baada ya wiki mbili. Kanuni ni ile ile ya mkeka, ila zinakaa juu ya jicho ambalo joto lake halibadiliki sana, karibu nyuzi 34, kwa hiyo zinakolea na kusafika kwa haraka kuliko miwani, ndani ya dakika moja au moja na nusu. Zinafunika konea nzima na kuvuka ukingo wake kidogo, na hiyo ni faida ya kweli dhidi ya mwanga wa ubavu niliokueleza. Siwezi kukuficha.

Lakini kwa maelezo ya watengenezaji wenyewe, juani zilizuia hadi asilimia 70 hivi ya mwanga. Miwani ya jua ya daraja la 3, ambayo ndiyo ya kawaida ya ufukweni, inazuia asilimia 82 hadi 92. Kwa hiyo Deep Sea saa nne asubuhi bado utakunja uso. Na weupe wa jicho pamoja na kope vinabaki nje, hivyo hata waliozivaa waliambiwa wavae miwani ya jua pia. Utakuwa umenunua vitu viwili badala ya kimoja.

Hayo bado ni madogo. Fikiria mikono yako saa tatu asubuhi: umeshika changu, umeshika pono, utelezi na magamba mpaka kwenye viwiko. Lenzi imeteleza, jicho linawasha, na unataka kuirekebisha. Utanawa wapi? Maji ya bahari, ya kisima, hata ya bomba yana kijidudu kinachoitwa akanthamiba, na kikijibanza kati ya lenzi na konea kinaila konea kwa maumivu ambayo hayaelezeki na matibabu ya miezi. Bakteria wa kwenye maji machafu wana kasi zaidi, siku mbili tatu zinatosha kuharibu jicho. Lenzi ya jichoni haiguswi na maji ya aina yoyote, si ya kunawa, si ya kuogelea, na mate ndiyo kabisa. Inaoshwa kwa dawa yake maalumu, kikasha chake kinabadilishwa kila miezi mitatu, na haulali nayo. Tena miwani inakukinga na gamba linaloruka samaki anapoparuliwa, lenzi ya jichoni haikukingi, inalinasa gamba chini yake.

Nimemwona binti mmoja hapa Tanga aliyevaa lenzi za rangi za kijivu siku ya harusi ya dada yake. Alizinunua kwenye duka la vipodozi bila kupimwa, moja ikamdondoka ukumbini, akailamba na kuirudisha. Siku ya tatu alikuja ameshikiliwa mkono. Katikati ya konea kulikuwa na doa jeupe, kama punje ya chumvi ya mawe. Jicho tuliliokoa, lakini lile doa limekuwa kovu, na kwa jicho hilo leo anaona watu kama wamesimama nyuma ya pazia. Lenzi zake hazikuwa hata na namba, zilikuwa za urembo tu. Ndiyo maana kwa kazi yako jibu langu ni usiagize. Ungekuwa unafanya kazi ofisini, maji safi na sabuni hatua tano kutoka mezani, ukapimwa ukubwa wa konea na machozi yako na mtu wa kukufuatilia yupo, ningezungumza tofauti. Na kinyama nacho kinaifanya lenzi ikae vibaya, kwa sababu pale kilipo jicho si laini tena.

Ningekuwa wewe, fedha hizo ningezitia kwenye miwani ya jua ya polaroidi yenye namba yako, fremu pana iliyopinda kidogo kufuata uso, mikono yake minene pale kwenye panja. Mwanga wa kawaida hutikisika pande zote. Ukigonga maji na kurudi, sehemu kubwa hutikisika kwa kulala tu, sambamba na uso wa maji, na ndiyo ule mng'ao mweupe unaokufanya usione kilichomo ndani ya ndoo. Lenzi ya polaroidi ni kama uzio wa fito zilizosimama: mtikisiko uliolala haupiti. Kwa maji, kazi hii hufikia kilele jua likiwa nyuzi 37 hivi juu ya upeo, na kwetu hapa hiyo ni karibu saa tatu asubuhi, boti zinaingia na wewe unaangalia mashariki. Joto haliigusi, kaskazi na kusi ni mamoja kwake. Chagua kijivu au kahawia, daraja la 3, iliyoandikwa UV400, yaani inazuia karibu urujuanimno wote. Daraja la 4 ni jeusi mno, haliruhusiwi kuendeshea chombo. Ukishika simu kumlipa mvuvi utaona skrini inageuka nyeusi kwa mkao fulani; izungushe simu tu, haijaharibika.

Kama bei inakushinda, viko vioo vya polaroidi vya kubana juu ya miwani uliyonayo. Unaviinua ukiingia bandani kusoma mizani, na hilo hakuna lenzi ya kubadilika rangi inayolifanya kwa haraka hiyo. Juu ya mtandio wako weka pama yenye ukingo mpana. Pama inakata sehemu kubwa ya jua la juu kabla halijafika kwenye miwani, na bei yake unaijua. Hii uliyonunua Dar usiitupe. Ni miwani nzuri kwa safari, kwa mjini, na kwa miezi ya baridi.

La mwanga wa simu nitalimaliza upesi. Mwaka 2023 wanasayansi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio 17 ya lenzi za kuchuja mwanga wa buluu na hawakuona kwamba zinapunguza uchovu wa macho kwa watu wanaotumia skrini. Buluu ya jua la mchana ni kali mara nyingi kuliko ya simu yako. Kinachokuchosha ni kwamba ukikodolea hesabu unasahau kupepesa, jicho linakauka, na umeishika simu karibu mno. Isogeze, ongeza ukubwa wa maandishi, pepesa kwa makusudi, washa taa ya chumbani. Yule muuzaji mwenye kitochi cha buluu na kikadi anakuonyesha kwamba lenzi inazuia tochi yake, basi. Usimwongezee pesa kwa hilo.

Sasa yale ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kama jua lilianza kukuumiza ghafla, kwa jicho moja, au pamoja na wekundu, maumivu, ukungu, usitafute lenzi nyeusi zaidi, nenda kliniki ya macho siku hiyo hiyo. Hapa Tanga anzia hospitali ya Bombo. Usinunue matone duka la dawa kwa kukisia, hasa yale yenye steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu: jicho linakuwa jeupe siku mbili na wewe unafurahi, kumbe kidonda kinachimba. Wala usitie chochote cha nyumbani. Mdogo wako naye, akiamka usiku na ule mchanga machoni, aende asubuhi kuhakikisha hakuna kipande cha chuma kilichochomeka.

Kinyama hakihitaji haraka hiyo, kinahitaji kutazamwa. Kuhusu upasuaji ulizia Bombo, au hospitali ya KCMC Moshi, au Dar es Salaam, lakini sipendi kukimbilia kisu kwa kinyama kidogo, kwa sababu hurudi, na kikirudi mara nyingi kina hasira kuliko cha kwanza. Ukifika wakati wa kukiondoa, muulize daktari kama atapandikiza kipande cha utando wa jicho lako mwenyewe pale kilipotolewa, maana njia hiyo inapunguza sana kurudi kwake. Wakati wenyewe ni pale kinapoielekea mboni, kinapobadilisha namba ya miwani yako, au kinapowaka wekundu kila mara licha ya pama na miwani. Ili ujue kinasogea au kimetulia, simama dirishani asubuhi, mtu akupigie picha ya jicho la kulia kwa karibu, ukiangalia mbele moja kwa moja. Itunze na tarehe yake. Mwezi wa saba piga nyingine mahali pale pale, saa ile ile, uende kliniki na zote mbili.